Kikombe cha mahafali hakitoki kwa namba za kukariri

Msimu wa mahafali ukifika, kazi ya steshenari inabadilika. Kijana ambaye miezi mingine anatoa kopi za vyeti vya kuzaliwa na kupiga picha za pasipoti anaanza kuletewa simu zenye picha za watoto wa darasa la saba na kidato cha nne, na maelekezo ni yale yale: weka picha, weka jina, weka mwaka, malizia na maneno ya hongera. Zawadi ya kikombe chenye picha si jambo la Dar es Salaam na Mwanza tu tena. Wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, mzazi wa kata ya Kaniha anayetaka kikombe cha mwanaye hana haja ya kuagiza mbali ikiwa karibu naye yupo mtu mwenye printa, mashine ya kubana na umeme wa kutosha.

Shida ni kwamba vikombe vingi vinavyotoka kwenye mashine hizo vimeharibika. Uso wa mtoto umefifia karibu na mkono wa kikombe, herufi zina kivuli, ukingo wa juu umebaki mweupe, nywele nyeusi zimegeuka kahawia. Mteja anapokea, anashukuru, anaondoka nacho kwa sababu sherehe ni kesho. Fundi naye anailaumu mashine ya Kichina, au wino, au TANESCO.

Lawama hizo si za haki. Mashine ya bei nafuu inaweza kutoa kikombe safi kabisa, na mashine ya bei kubwa inaweza kuharibu katoni nzima. Kinachokosekana ni kipimo. Kazi hii inaendeshwa kwa namba za kukariri, na wanaotoa fedha kwa vijana waianze, zikiwemo halmashauri, wana sehemu kubwa ya kurekebisha hali hiyo.

Kwanza ieleweke kinachotokea ndani ya mashine. Wino wa sablimesheni ukipashwa joto la kati ya nyuzi 180 na 200 hivi za Selsiasi huacha kuwa kitu kigumu na kuwa gesi moja kwa moja, bila kupitia hali ya kimiminika. Kikombe kinachofaa kwa kazi hii kimepakwa koti jembamba la plastiki ya jamii ya poliesta. Joto lile lile linalogeuza wino kuwa gesi hulilegeza koti hilo, rangi ikapenya ndani yake, na kikombe kikipoa koti hufunga na rangi imebaki humo. Ndiyo maana kidole kikipita juu ya kikombe kilichochapwa vizuri hakihisi chochote.

Mfaransa Noël de Plasse, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya nguo huko Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa, ndiye anayetajwa kuibua njia hii mwaka 1957, na alichokuwa akikishughulikia ni vitambaa. Chanzo hicho kinaeleza mengi. Rangi hii inapenda poliesta na haishiki kwenye pamba, hivyo fulana ya pamba tupu ikiwekwa kwenye mashine hutoka na picha inayoishia kwenye beseni la kufulia. Kikombe cha kawaida cha dukani, kisicho na koti, hakiwezi kushika picha hata kikibanwa saa nzima. Na kwa kuwa hakuna wino mweupe, weupe wote wa picha ni weupe wa kikombe chenyewe. Mteja anayetaka gauni jeupe la harusi lionekane juu ya kikombe cheusi anapaswa kuambiwa mapema kwamba haiwezekani kwa njia hii.

Ushauri mmoja unaozunguka sana miongoni mwa wanaoanza ni huu: weka 180, sekunde 180. Unapendwa kwa sababu ni rahisi kukumbuka, na si ushauri mbaya wa kuanzia. Ubaya wake ni kwamba mtu akishaupata huacha kuuliza.

Hiyo 180 ni ya kipimo gani? Mashine nyingi ndogo zina skrini inayoweza kubadilishwa kati ya Selsiasi na Farenhaiti. Nyuzi 180 za Farenhaiti ni 82 tu za Selsiasi, joto lisilotosha hata kuchemsha maji. Mashine iliyotoka kiwandani ikiwa kwenye Farenhaiti inahitaji isomeke karibu 356 ili ilingane na 180 za Selsiasi. Fundi asiyelijua hilo atapata vikombe vilivyopauka siku nzima huku skrini ikimwonyesha namba sahihi kabisa.

Hata kipimo kikiwa sahihi, namba ya skrini ni joto la pale kilipo kihisio, ndani ya koili inayokizunguka kikombe. Uso wa kikombe una joto lake jingine, na ndio unaochapwa. Mashine mbili za aina moja, zilizonunuliwa siku moja duka moja, zinaweza kutofautiana. Dawa yake haina gharama ya kutisha: mafundi umeme wengi wana multimita, na baadhi ya multimita huja na waya mwembamba wa kupimia joto. Ncha ya waya huo ikiwekwa kati ya koili na kikombe, mashine ikafungwa, fundi anaona joto halisi la uso wa kikombe likipanda. Vile vipima joto vya kuelekeza kwenye paji la uso vilivyoenea wakati wa korona havifai hapa, kwa kuwa vimetengenezwa kupima joto la mwili wa binadamu.

Sekunde nazo zina utata wake. Mashine nyingine huanza kuhesabu mara tu mkono wa mashine unapofungwa. Nyingine husubiri joto lifike kiwango kilichowekwa ndipo zianze. Kikombe baridi kikiingia, joto la koili hushuka kwa sababu udongo wa kikombe unalinyonya, kisha hupanda tena taratibu. Kama saa ilianza kuhesabu tangu mwanzo, sehemu ya zile sekunde 180 imepotea kikombe kikiwa bado kinapata moto. Kikombe cha kwanza asubuhi huwa kama chapati ya kwanza kwenye kikaango ambacho hakijapata moto: fundi anayekipa dakika zile zile za kikombe cha tano atatoa vikombe viwili visivyofanana. Mashine iachwe iwake kwanza, ifungwe kwenye kikombe kibovu kilichotengwa kwa kazi hiyo, ndipo oda ianze.

Hapa ndipo suala la umeme linapoingia, na halipaswi kupitwa juu juu. Ngara na Biharamulo zilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya gridi ya taifa kufika. Mambo yamebadilika sana tangu hapo. Mradi wa maporomoko ya Rusumo, katika mto Kagera kwenye mpaka wa Ngara na Rwanda, una uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na ulianza kuzalisha mwishoni mwa 2023. Laini ya kilovolti 220 inatoka huko hadi Nyakanazi, ndani ya wilaya ya Biharamulo, ambako pia imefika laini nyingine kutoka Geita. Ni maendeleo makubwa, na kijana wa leo anaanza biashara katika hali ambayo kaka yake hakuwa nayo.

Lakini umeme mwingi Nyakanazi si lazima uwe umeme imara kwenye nyumba iliyo mwisho wa nguzo za kijiji. Jioni, taa na televisheni zikiwaka kwa wingi, volti hushuka, na koili hudhoofika kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nguvu yake hufuata mraba wa volti. Umeme wa volti 230 ukishuka hadi 180, volti zimepungua kwa karibu asilimia 22, ila koili inabaki na asilimia 61 tu ya nguvu yake. Skrini huenda ikafika 180 bado, ila kwa kuchelewa, na kikombe cha saa mbili usiku kitatoka kimefifia kuliko cha saa tano asubuhi ingawa hakuna kitufe kilichoguswa. Multimita ile ile inapima na volti. Fundi akijua saa ambazo umeme wake unalegea, atapanga kubana vikombe mchana na kuacha usanifu wa picha kwa jioni, au atanunua stebilaiza, au ataongeza muda kwa kiasi alichokijaribu mwenyewe.

Joto na muda vikishakaa sawa, kinachobaki kuharibu kazi ni mbano. Koili inapaswa kugusa kikombe kwa nguvu moja kila mahali, na vikombe vya bei nafuu mara nyingi si duara kamili. Vingine ni vipana kidogo juu kuliko chini. Kipimo chake kinahitaji karatasi ya daftari tu. Ikatwe vipande vyembamba, viingizwe kati ya koili na kikombe huku mashine ikiwa imezimwa na imepoa: kimoja karibu na ukingo wa juu, kimoja chini, viwili pembeni mwa mkono. Mashine ifungwe, kisha kila kipande kivutwe kwa vidole. Vyote vinapaswa kugoma. Kile kinachoteleza kinaonyesha mahali hasa ambapo picha itatoka imefifia, na skrubu ya mbano ikazwe hadi kigome. Kama upande mmoja unagoma na mwingine unateleza hata baada ya kukaza, koili imechoka au imekaa upande, na hakuna namba ya joto itakayoziba pengo hilo. Picha ipangwe isifike kwenye ukingo kabisa, au koili ibadilishwe.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuona weupe kwenye ukingo na kukimbilia kuongeza joto. Katikati panaungua, ukingo unabaki vile vile.

Mtu akizoea, kikombe kilichoharibika kinajieleza chenyewe. Picha iliyofifia sawasawa kila mahali inalalamikia joto au muda mdogo. Nyeusi iliyogeuka kahawia, na herufi zilizovimba kingo zake, ni dalili kwamba kimepikwa kupita kiasi. Kivuli pembeni mwa picha kinasema karatasi ilisogea kikiwa bado cha moto, aghalabu wakati wa kukitoa. Vidoa vidogo vya bluu au vyeusi ni nyuzi za kitambaa au vumbi lililobaki juu ya kikombe. Mistari myembamba inayokata picha haitoki kwenye mashine ya kubana hata kidogo. Imetoka kwenye printa ambayo vitundu vyake vimeziba. Printa nyingi zinazotumika kwa kazi hii ni za Epson zenye matangi ya wino, na zikikaa siku kadhaa bila kazi hukauka vichwa, kwa hiyo kuchapa karatasi moja ya ukaguzi kila asubuhi kunaokoa vikombe vingi. Rangi iliyopauka kwenye karatasi kabla ya kubana isimtishe mtu: wino huu huonekana hafifu hadi upate joto.

Madoa yenye umbo la wingu ni ya unyevu. Kagera ina misimu miwili ya mvua, na wakati wa masika karatasi iliyoachwa wazi mezani hunyonya maji hewani bila kuonekana imelowa. Ndani ya mashine maji hayo huwa mvuke, na mvuke husukuma rangi kwenda isikotakiwa. Karatasi zikae ndani ya mfuko wake uliofungwa vizuri, na iliyokwisha kuchapwa ipewe muda wa kukauka. Kikombe kifutwe kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha kisishikwe tena upande utakaochapwa. Karatasi ivutwe hadi ikumbatie kikombe bila kuacha mfuko wa hewa, ishikwe kwa tepu inayohimili joto, na karatasi nyingine tupu izungushwe juu yake ili wino usichafue koili na kuhamia kwenye kikombe kinachofuata.

Muda ukiisha, tepu na karatasi vitolewe mara moja kwa glavu, kwa mvuto mmoja usiosita. Wapo wanaokitumbukiza kikombe kwenye maji ili kusimamisha upikaji. Ni hatari isiyo na sababu: udongo wa nyuzi 180 ukikutana na maji ya kisimani unaweza kupasuka papo hapo, au kupata ufa usioonekana utakaofunguka siku ya chai ya kwanza. Kiachwe kipoe juu ya ubao.

Picha yenyewe ina lake pia. Inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na eneo la kuchapa la kikombe, lenye upana wa sentimita 20 hivi na kimo cha sentimita 9, linahitaji karibu pikseli 2,360 kwa 1,060 ili sura itoke kali. Mteja aombwe aitume kama dokumenti, au alete simu yenyewe dukani.

Yote haya yana hesabu ya fedha nyuma yake. Mashine ya kikombe ya wati 350 ikiwaka dakika 5 hutumia takriban sehemu 3 kati ya 100 za uniti moja ya umeme. Gharama hiyo ni ndogo kiasi kwamba haifai kujadiliwa. Mzigo uko kwenye kikombe chenyewe, kilichonunuliwa Kariakoo au Mwanza, kikafungwa na vingine 35 kwenye katoni na kusafirishwa kwa basi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mzigo wa Mwanza hausubiri tena kivuko, lakini kikombe kikiharibikia mezani fundi amepoteza bei ya kununulia, nauli ya mzigo na faida ya vikombe kadhaa vizuri. Anayeharibu viwili katika kila kumi anaifanyia kazi hasara yake mwenyewe. Ndiyo sababu kutenga vikombe vichache vya kwanza vya kila katoni kwa majaribio si ufujaji, hasa kwa kuwa koti la katoni moja si lazima lifanane na la nyingine.

Fedha za umma zinaingia hapo hapo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, na ilirejea mwaka uliofuata. Vikundi vya vijana vinavyoomba fedha za steshenari na mashine za kuchapa ni waombaji halali kabisa. Ila andiko la mradi linaloorodhesha printa, mashine ya kubana na katoni za vikombe, bila multimita, bila stebilaiza na bila vikombe vya majaribio, ni andiko la nusu mradi, na kamati inayolipitisha hivyo inakipa kikundi deni kabla ya kukipa kazi.

Mkoa hauna uhaba wa mahali pa kufundishia. Chuo cha VETA cha mkoa kilichojengwa kwa msaada wa China kilifunguliwa Burugo, Bukoba, Oktoba 2022, na SIDO ipo kwa ajili ya wajasiriamali wadogo tangu 1973. Lakini kumtoa kijana Kaniha hadi Bukoba kwa somo la siku mbili ni kumtwisha nauli na malazi visivyolingana na biashara ya kikombe kimoja kimoja. Mwalimu mmoja mwenye multimita na mashine mbili akiletwa Biharamulo mjini, kisha Nyakanazi, atawafikia vijana wengi kwa gharama ndogo, na watajifunzia kwenye mashine zao wenyewe, kwa umeme ule ule watakaofanyia kazi.

Kila kikundi kianzishe pia daftari la mashine: tarehe, saa, volti, joto lililopimwa kwenye kikombe, sekunde, katoni iliyotumika, na kasoro iliyoonekana. Afisa maendeleo ya jamii anayefuatilia marejesho aombe kuliona kila anapopita. Likiwa tupu miezi mitatu baada ya mkopo kutoka, atajua kikundi kinahitaji mwalimu kabla marejesho hayajaanza kusuasua.